Duka na Hesabu Yake ya Mwezi

Kila jioni, katika maelfu ya maduka madogo ya pwani na bara, mwenye duka huvuta mtoto wa meza, hupanga noti kwa thamani zake, huhesabu sarafu, hufungua simu kutazama fedha zilizoingia kwa njia hiyo, kisha huitolea biashara yake hukumu: leo ilikuwa njema, au leo ilikuwa mbaya. Hukumu hiyo ya haraka ndiyo aghalabu hesabu pekee ambayo biashara ile hufanyiwa tangu Muharamu hadi Mfunguo Tatu. Na kwa kuwa fedha iliyo mkononi ni shahidi anayetoa nusu ya habari, mtu hodari, mwaminifu, asiyelala mchana wala asiyefunga mapema, huweza kuuza kwa wingi mwaka mzima na mwishowe akashangaa kuona rafu zimekonda, muuzaji wa jumla amechoka kumngoja, na wateja wanaomdai heshima hawamlipi deni.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na maneno hayo yamesemwa mara nyingi hata yamekuwa mepesi masikioni. Walakini naamini wosia huo umeshikwa nusu tu. Daftari nimeziona nyingi, za wanaume na wanawake wenye bidii, zilizoandikwa kila siku kwa hati safi na zikawekwa juu ya kabati bila ya kusomwa tena, na mali yao ikapotea vilevile, tofauti ikiwa ni kwamba habari za upotevu wake zilikuwa zimehifadhiwa vizuri. Kinachoiokoa biashara ni kusoma yaliyoandikwa, kwa siku iliyowekwa na isiyokiukwa, kwa utaratibu uleule kila mara, hata mwezi huu uweze kuwekwa ubavuni mwa mwezi uliopita. Nahodha anayeingia mlango wa bandari asioujua hatupi bildi mara moja akaridhika. Huitupa tena na tena, kwa kuwa kina cha nyuma hakimwambii kina cha mbele, na ni kule kupungua kwa pima baada ya pima kunakomwonya kabla ya mwamba.

Daftari hutunza matukio: leo sukari imeuzwa, jana pango limelipwa, juzi fulani amechukua mchele kwa mkopo. Taarifa ya hesabu huyakusanya matukio ya kipindi kilichowekewa mpaka, huyapanga kwa jinsi zake, na kuyauliza maswali matatu. Je, tumepata au tumepoteza? Fedha imetoka wapi na imekwenda wapi? Na leo, tukisimama hapa tulipo, kilicho chetu ni kiasi gani na cha watu ni kiasi gani? Swali la kwanza hujibiwa na taarifa ya faida na hasara, la pili na taarifa ya mtiririko wa fedha, na la tatu na mizania. Majina haya huwatisha watu kwa sababu wameyasikia yakitajwa katika mabenki na makampuni makubwa, ilhali hamna ndani yake hesabu ipitayo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Shida yake haiko katika elimu. Iko katika subira ya kuhesabu bidhaa zote zilizomo dukani siku ya mwisho wa mwezi, gunia kwa gunia na chupa kwa chupa, na katika ujasiri wa kuyapokea majibu.

Natuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya kila siku, wa duka la vyakula katika mtaa wa mji kama Tanga. Mwezi ulipoanza, duka lilikuwa na bidhaa za shilingi 3,500,000 kwa bei ya kununulia, lilikuwa na taslimu 500,000, liliwadai wateja wa mtaani 800,000, nalo likidaiwa 300,000 na muuzaji wa jumla. Katika mwezi huo liliuza bidhaa za shilingi 6,000,000, ambazo 4,800,000 zililipwa papo hapo na 1,200,000 zikaandikwa deni; likaingiza bidhaa mpya za 5,400,000, ambazo 4,900,000 lilizilipia na 500,000 likazipokea kwa mali kauli; likakusanya 700,000 za madeni ya nyuma; likatumia 600,000 kwa pango, umeme, ujira wa kijana wa dukani, uchukuzi na mifuko; na mwenye duka akachukua 450,000 kwa chakula cha nyumbani na ada ya mtoto. Siku ya mwisho bidhaa zikahesabiwa, zikawa za 3,900,000.

Mwenye duka anayehukumu kwa mtoto wa meza atakuta mle shilingi 50,000, ambapo mwezi ulianza na 500,000. Atastaajabu, kwa kuwa anajua ameuza sana. Na katika mastaajabu yale mtuhumiwa wa kwanza, kwa bahati mbaya, huwa ni kijana wa dukani. Lakini hebu tuzipitie taarifa tatu. Bidhaa zilizotoka ni zile za mwanzo, 3,500,000, na zilizoingia, 5,400,000, ukitoa zilizobaki, 3,900,000. Gharama ya vilivyouzwa basi ni 5,000,000, na faida ghafi ni 1,000,000. Toa matumizi ya duka, 600,000, nayo faida halisi ni 400,000. Duka limepata. Fedha nayo imekwenda wapi? Bidhaa rafuni zimeongezeka kwa 400,000, na hiyo ni fedha iliyogeuka unga na mafuta. Madeni ya wateja yamekua kwa 500,000, na hiyo ni fedha iliyolala majumbani mwa jirani. Deni la muuzaji wa jumla limekua kwa 500,000, nalo ndilo lililoziba pengo hilo. Na 450,000 zimekwenda nyumbani. Kila shilingi imepatikana mahali pake, na kijana wa watu hana hatia.

Kisha mizania, ambayo ndiyo yenye neno zito kupita zote. Mwezi ulipoanza, mali ya duka ilikuwa 4,800,000 na deni lake 300,000, hivyo mtaji wa mwenyewe ulikuwa 4,500,000. Ulipokwisha, taslimu 50,000, bidhaa 3,900,000 na madai kwa wateja 1,300,000 zilifanya jumla ya 5,250,000. Toa deni la 800,000, mtaji ni 4,450,000. Duka lililopata faida ya 400,000 limepungukiwa na mtaji kwa 50,000, kwa sababu mwenyewe amekula zaidi ya alichopata. Kwa mwezi mmoja upungufu huo hauonekani kwa jicho. Kwa miaka miwili ya mwendo uleule ni shilingi 1,200,000, zaidi ya robo ya mtaji wote, na hapo ndipo watu husema kwamba biashara imeingia nuksi.

Hesabu hiyohiyo hutoa jambo jingine lenye manufaa makubwa, nalo ni kiwango cha kujilinda. Faida ghafi ya 1,000,000 katika mauzo ya 6,000,000 ni sudusi; yaani kila shilingi sita zinazoingia, moja tu ni ya duka, na tano ni za kurudisha bidhaa rafuni. Ili sudusi hiyo itoshe matumizi ya 600,000, duka halina budi kuuza 3,600,000 kwa mwezi, au 120,000 kwa siku. Na ili itoshe pia 450,000 za nyumbani, ni lazima liuze 6,300,000, yaani 210,000 kwa siku. Mwenye kuijua namba hiyo ya mwisho huhesabu fedha zake za jioni kwa macho mengine. Mauzo ya 180,000, ambayo zamani yalimfurahisha, sasa yanamwambia kwamba leo pia ameumega mtaji.

Ni lazima pia niseme juu ya mali inayochakaa, maana hiyo husahauliwa hata na waangalifu. Jokofu lililonunuliwa kwa 1,200,000 na linalotazamiwa kudumu miaka mitano hula shilingi 20,000 kila mwezi, ijapokuwa hakuna ajaye kuzidai. Asiyeziandika miongoni mwa gharama zake hujihesabia faida ambayo hana, na jokofu likifa hulazimika kukopa kununua jingine, akidhani amepatwa na msiba wa ghafla.

Kuna waliojifunza haya kwa taabu zamani, wala hawakuwa wajinga. Mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, ambaye vyombo vyake vilipendwa na wafalme, alifikwa mwaka 1772 na wakati ambapo mikopo ilikauka katika Ulaya na wanunuzi wakapungua, ilhali ghala zake zilikuwa zimejaa na fedha taslimu haimtoshi. Mpaka siku hizo alikuwa akiuza kwa bei kubwa na kudhani kwamba wingi wa mauzo ni ushahidi wa kutosha. Aliketi na vitabu vyake akafuatia gharama ya kila chombo, tangu udongo na makaa ya tanuri hadi ujira wa mchongaji wa kalibu, akagundua kwamba bei zake hazikuwa na nasaba na gharama zake, na kwamba gharama kama za pango na za kalibu humjia mtu sawasawa, afanye vyombo vingi au vichache. Akagundua pia kwamba karani wake mkuu alikuwa hana uaminifu. Tangu hapo hakukubali hesabu zikae muda mrefu bila kukaguliwa, akapunguza bei za baadhi ya vyombo ili viuzwe kwa wingi, vingine akaviacha. Na alipofariki mwaka 1795 alikuwa miongoni mwa matajiri wa viwanda wa nchi yake. Maarifa ya udongo na rangi alikuwa nayo tangu ujana. Yaliyomwokoa ni maarifa ya karatasi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta asili ya desturi hii. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inaamrisha deni la muda liandikwe, tena na mwandishi mwadilifu. Na mfanyabiashara Mwislamu anayetimiza faradhi yake hawezi kuitoa zaka ya biashara bila ya kufanya, mara moja kwa mwaka, kazi ambayo mhasibu angeitambua mara moja: hukadiria bidhaa zake kwa bei ya soko ya siku ile, hujumlisha na taslimu alizo nazo, hutazama na madeni yanayotarajiwa kulipwa, akaona kama jumla imefika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, kisha hutoa robo ya ushuri, yaani mbili na nusu katika kila mia. Majirani wa Waislamu hao, wafanyabiashara Wahindi wa asili ya Gujarati waliokuwa na maduka Unguja, Mombasa na miji ya bara, nao walifunga vitabu vya mwaka na kufungua vipya kwa Diwali, kwa sala na heshima. Mambo hayo mawili yananionyesha kwamba watu wa pwani walikwisha jua umuhimu wa kusimamisha hesabu kwa siku maalumu, hata wakaifungamanisha na ibada ili isiahirishwe. Kinachohitajika leo ni kuisogeza siku hiyo karibu zaidi, maana bei za sukari na mafuta ya kula hazimngojei mtu mwaka mzima.

Hata miongoni mwetu leo desturi ya kusoma hesabu kwa pamoja iko hai, ila haiko dukani. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, mfano wake ukiwa ule ulioanza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE na kuenea katika nchi nyingi za Afrika, wanachama huketi siku iliyowekwa, sanduku lenye kufuli tatu hufunguliwa na watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kwetu Tanzania VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, vimefuata njia ya jamii hiyohiyo. Huko utamkuta mama mwenye genge la mboga ambaye hakubali mkutano ufungwe ikiwa shilingi 500 hazijulikani ziliko, naye huyo huyo hajapata hata siku moja kuuliza genge lake limepata nini mwezi uliopita. Akili anayo, na uangalifu anao. Ameviweka vyote kwa ajili ya mali ya kikundi, na mali yake mwenyewe ameinyima. Ningetamani sana kuona vikundi hivi vikitenga nusu saa kila mwezi ambayo kila mwanachama ataileta taarifa ya biashara yake, si kwa kutangaza siri zake, bali ili awe na siku ambayo hawezi kuikwepa.

Vyombo vya kusaidia kazi hii havijapata kuwa vyepesi kama sasa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kisha ikafika Tanzania mwaka uliofuata pamoja na huduma nyingine za jamii yake, sehemu kubwa ya biashara ndogo hupita katika simu, na simu huandika yenyewe saa, kiasi na makato. Lakini usahihi huo wote huharibika pale namba moja inapopokea malipo ya wateja, mchango wa arusi na fedha ya matibabu ya bibi kijijini. Hapo hapana ajuaye ya duka ni ipi. Namba ya duka na iwe ya duka. Kadhalika mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, kwa yule aliye nayo, hutoa kila jioni ripoti ya Z yenye mauzo ya siku, na wengi huipachika msumarini wakaamini kwamba hesabu imekwisha, ilhali mashine ile inajua kilichouzwa tu. Haijui kilinunuliwa kwa bei gani, wala haijui mwenyewe amechukua nini kupeleka nyumbani.

Hili la kuchukua ndilo gumu kupita yote, kwa kuwa linagusa undugu. Duka la mtaani ni la familia hata likiwa na jina la mtu mmoja. Shemeji huja na kuondoka na kilo mbili za mchele, mtoto huchukua soda, mgonjwa huletewa fedha usiku. Simwambii mtu awe bahili kwa jamaa zake, wala sioni kwamba biashara isiyomsaidia ndugu ina maana kubwa. Nasema kila kinachotoka kiandikwe kwa bei yake ya kununulia, chini ya jina la mwenye duka, na kwamba yeye mwenyewe ajiwekee posho ya mwezi inayotokana na faida ya miezi iliyopita, si na hali ya mtoto wa meza siku ile. Hapo wema utakuwa na kiasi kinachojulikana, na shemeji atapata mchele mwaka huu na mwaka ujao.

Juu ya serikali na mabenki nitasema machache. Sheria ya kodi ya Tanzania inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na kwa wafanyabiashara wadogo katika baadhi ya madaraja imemtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo, yule wa pili akikadiriwa kwa kiwango cha jumla kisichojali kama mwaka wake ulikuwa wa neema au wa dhiki. Afisa mikopo naye, akiwekewa mezani taarifa za miezi kumi na miwili zinazofuatana, huona kitu ambacho hati ya nyumba haiwezi kumwonyesha, yaani uwezo wa biashara kulipa rejesho kila mwezi. Lakini anayeandika taarifa kwa ajili ya afisa peke yake hushawishika kuzipamba, na taarifa iliyopambwa humdanganya kwanza yule aliyeipamba.

Taarifa ya kwanza itakayoandikwa itakuwa na mapengo mengi, na haina la kulinganishwa nalo. Thamani yake huanza kuonekana ya pili inapowekwa kando yake. Ikiwa faida ghafi ilikuwa 17 katika kila 100 na sasa ni 14, ilhali mauzo hayakushuka, sababu hazizidi chache: bei ya jumla imepanda na bei ya rejareja haikufuata, au mizani haisemi kweli, au bidhaa zimeharibika, au kuna mkono unaotwaa, na mwenye duka huenda moja kwa moja kutafuta mahali panapojulikana badala ya kumshuku kila mtu. Ikiwa bidhaa kwa jumla hugeuka fedha kwa siku 22 au 23, lakini sahani za udongo na manukato zimekaa tangu Idi iliyopita, ataziuza kwa bei ya kununulia, na ile fedha ataitia katika unga ambao huisha kwa juma moja.

Mwaka ukitimia, pana ghalati moja ya kutahadhari nayo katika duka la pwani. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi, hivyo anayelinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya miaka mitatu nyuma yamkini analinganisha mwezi wa futari na mwezi wa kawaida, akajisifu au akajilaumu bure. Taarifa za Ramadhani na ziwekwe pamoja, Ramadhani kwa Ramadhani, nazo Januari, ambayo ada za shule huwanyang'anya wateja fedha zao, zitazamwe kwa Januari. Kutoka humo mwenye duka ataweza kujua, miezi miwili kabla ya mwandamo, ni magunia mangapi ya sukari, unga wa ngano na tende ayaagize, ni kiasi gani akichukue kwa mali kauli, na kwa siku ngapi baada ya Idi atakuwa amelipa.